Karatasi Kwanza, Tiketi Baadaye: Mwongozo kwa Mhitimu Anayetaka Kufundisha Kiingereza Ng'ambo

Umemaliza chuo, Kiingereza unakimudu, na kila ukifungua simu unakutana na tangazo la shule ya Bangkok, Shanghai au Dubai inayotafuta walimu. Kazi hizo zipo. Walimu kutoka Kenya, Uganda, Kameruni na Afrika Kusini wanafundisha Asia na Ghuba hadi leo. Ila wengi wanaokwama hawakwamii darasani. Hukwama kwenye dawati la uhamiaji, au mikononi mwa dalali aliyewashikia pasipoti, kwa sababu walinunua tiketi kabla ya kujua kama sheria ya kule inawaruhusu kufundisha.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata hatua zenyewe: kwanza nchi inayokuruhusu, kisha sifa, karatasi, kazi, mkataba, mazoezi ya kufundisha, na mwisho kabisa safari. Usiruke hatua.

1. Ujue mlango ambao pasipoti yako inaufungua

Kwa nini uanzie hapa? Kwa sababu katika nchi nyingi za Asia ruhusa ya kufundisha Kiingereza hutazama uraia kabla ya kutazama uwezo. Unaweza kuwa umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne na bado ukakataliwa, huku kijana wa nchi nyingine asiyewahi kushika chaki akipokelewa. Ni kanuni isiyo ya haki, lakini ndiyo inayotumika, na afadhali uijue ukiwa nyumbani.

* Korea Kusini. Viza ya walimu wa lugha, iitwayo E-2, kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Raia wa Afrika Mashariki hayumo. Anayekuahidi E-2 kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anakudanganya.
* China. Kanuni ya msingi inataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, na awe na shahada. Mlango ni mwembamba. Tena mwezi Julai 2021 serikali ilibana vituo vya masomo ya ziada, na vingi vilifungwa. Viza halali ya kazi ni Z. Kufundisha kwa viza ya biashara, ya utalii, au ya mwanafunzi bila ruhusa ni kosa linaloweza kukuweka kizuizini na kukurudisha nyumbani.
* Japani. Waajiri wengi wa walimu wasaidizi hudai uthibitisho kwamba umesomeshwa kwa Kiingereza kwa miaka 12. Mkenya au Mganda anaweza kuifikisha. Mtanzania aliyepitia shule ya msingi ya serikali ana miaka sita ya sekondari na mitatu ya chuo, jumla tisa. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza aombe barua kutoka kila shule aliyopitia.
* Thailand. Huu ndio mlango ulio wazi zaidi kwa mwenye shahada. Asiye mzawa wa Kiingereza huombwa alama za mtihani wa lugha, mara nyingi TOEIC kuanzia 600 au IELTS. Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba.
* Nchi za Ghuba. Shule zinazofuata mitaala ya Uingereza au Marekani hupendelea mwenye shahada ya ualimu, usajili wa ualimu kutoka nchi yake, na uzoefu wa angalau miaka miwili. Kama umetoka chuoni jana, fundisha nyumbani kwanza. Oman ina nafuu ya kijamii: mjini Maskati utawakuta Waomani wazungumzao Kiswahili kwa sababu ya undugu wao na Zanzibar.
* Rwanda. Wengi huisahau kwa sababu haina mvuto wa ng'ambo ya mbali. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa, na tangu hapo walimu kutoka nchi jirani wana nafasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inakutambua kama mfanyakazi wa jumuiya. Mkenya na Mganda huingia kwa kitambulisho cha taifa tu.

Fanya hivi

1. Chagua nchi mbili, ya kwanza na ya akiba.
2. Ingia tovuti ya ubalozi wa kila nchi usome masharti ya viza ya kazi kwa mwalimu. Usitegemee aliyokuambia mtu kwa WhatsApp.
3. Andika sharti lolote usilolitimiza leo na muda utakaohitaji kulitimiza. Muda huo ukizidi mwaka mmoja, rudi kwenye nchi ya akiba.

> MLANGO MWINGINE: KISWAHILI CHENYEWE
> Serikali ya Marekani ina mpango wa Fulbright FLTA unaowapeleka walimu vijana katika vyuo vya Marekani kusaidia kufundisha lugha za kwao kwa mwaka mmoja wa masomo, na Kiswahili kimo. Hulenga zaidi walimu wa Kiingereza na waliosomea fani za karibu, na masharti yake yanakutaka urudi nyumbani muda ukiisha. Ulizia ubalozi wa Marekani, Nairobi au Dar es Salaam, kama maombi ya mwaka wako yamefunguliwa. Hapa lugha ya kwenu ndiyo inayohesabiwa kuwa sifa.

2. Jenga sifa zinazopimika

Mkuu wa shule aliye Chiang Mai, Thailand, hajui chuo chako wala mwalimu aliyekusifu. Anachoweza kupima ni shahada, cheti cha kufundisha lugha, alama za mtihani na somo lako akiliona kwa macho.

Cheti cha kufundisha Kiingereza. Kiwango kinachotajwa katika matangazo mengi ni saa 120. Vyeti vya mtandaoni ni vya bei nafuu na hukidhi matangazo mengi, lakini vingi havina mazoezi ya darasani. CELTA, kinachosimamiwa na Cambridge, kina saa zisizopungua 120 za mafunzo, zikiwamo saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku ukitathminiwa. Ni ghali, ila kinaheshimika kote. Kama fedha ni ndogo, chukua cha mtandaoni, kisha tafuta mazoezi mwenyewe: jitolee shule ya jirani, au fungua tuisheni ya mtaani jioni, na uombe barua yenye tarehe na idadi ya vipindi.

Mtihani wa lugha. Matokeo ya IELTS na TOEIC hutambuliwa kwa miaka miwili tu. Usiufanye mapema kwa kujifurahisha. Ufanye ukikaribia kutuma maombi.

Somo la majaribio. Rekodi kwa simu dakika tano ukifundisha watoto halisi, kwa idhini ya wazazi wao. Tusifichane: shule nyingi za Asia hudai picha kwenye wasifu, na zipo zinazomkataa mtu mweusi kabla ya kusoma mstari wa pili. Video haiondoi ubaguzi huo, lakini humpa mkuu wa shule mwenye nia njema hoja ya kuwatuliza wazazi. Itume pamoja na maombi bila kungoja kuombwa.

3. Karatasi: zipange kwa umri wake

Hapa ndipo muda na fedha hupotea zaidi. Siri yake ni kujua kwamba karatasi zipo za aina mbili. Zipo zisizochakaa: shahada, orodha ya matokeo, cheti cha kuzaliwa. Zipo zinazokufa haraka: cheti cha tabia njema na cheti cha afya, ambavyo kwa kawaida hutakiwa viwe vimetolewa ndani ya miezi sita. Anayeanza na cheti cha polisi hukipata mwezi wa kwanza, akasubiri shahada hadi wa saba, kisha akarudi kituoni kulipa upya.

Zifuate hivi

1. Majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, shahada na kitambulisho. Je, ni Mohamed au Mohammed? Jina la babu lipo kwenye vyote? Tofauti ya herufi moja inaweza kuzuia kibali. Rekebisha kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, au kwa hati ya kubadili jina pale tofauti ilipo kubwa, kabla hujaomba pasipoti.
2. Pasipoti. Iwe na uhai wa miezi 18 au zaidi. Viza nyingi hudai angalau miezi sita, na mkataba wako ni wa mwaka.
3. Shahada yenyewe. Maliza deni la ada uchukue cheti halisi. Barua ya muda ya kuonyesha kwamba umehitimu haitoshi kwa kibali cha kazi. Cheti halisi kisitumwe kwa posta wala kuachwa kwa dalali.
4. Uthibitisho. Kwa kawaida nyaraka hupita kwa wakili, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa nchi uendako. Burundi na Rwanda zimo katika Mkataba wa Apostille, hivyo raia wao hupata muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi nyingi wanachama. China ni mwanachama tangu Novemba 2023. Ulizia wizara yako utaratibu gani unakuhusu.
5. Chanjo ya homa ya manjano. Kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na hudumu maisha yote. Thailand huidai kwa wanaotoka nchi zetu. Kadi iliyonunuliwa bila sindano ni hatari kwa mwili wako na kwa safari yako.
6. Cheti cha tabia njema na cha afya. Hivi viwe vya mwisho, baada ya shule kukubali kukuajiri kwa maandishi.

Kila karatasi ipige picha safi, uihifadhi mtandaoni, na nakala moja ibaki kwa mtu unayemwamini nyumbani.

4. Itenge kazi ya kweli na kazi hewa

Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana juu ya kazi za uongo za Thailand. Waathirika, Wakenya na Waganda wakiwamo, waliahidiwa kazi nzuri, wakapokewa Bangkok, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar, kwenye maeneo ya Myawaddy, na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Waliotegwa hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wahitimu, kwa sababu matapeli hao walihitaji hasa watu wajuao Kiingereza na kompyuta.

> ONYO: SIMAMA UKIONA DALILI HIZI
> * Unaambiwa uingie kwa viza ya utalii, "nyingine utabadilishiwa huku."
> * Unadaiwa fedha za "kushikiwa nafasi" kabla ya usaili.
> * Hakuna aliyekuomba ufundishe hata dakika mbili, lakini umeshapata kazi.
> * Mshahara ni mara mbili ya unaotangazwa na shule nyingine za mji huohuo.
> * Shule haina jina, au ina jina lakini simu yake haipokelewi.
> * Baada ya kufika Bangkok, gari linaelekea Mae Sot, mji ulio mpakani na Myanmar, wakati shule yako iko kwingine. Shuka penye watu, tafuta polisi, pigia ubalozi.

Jinsi ya kuhakiki

1. Tafuta namba ya shule mwenyewe, usitumie uliyopewa na wakala. Piga uulize kama wanamfahamu aliyekuhoji.
2. Omba kuzungumza na mwalimu wa kigeni aliyepo pale. Muulize mambo mawili tu: mshahara huingia tarehe ngapi, na kibali chake cha kazi kilitoka baada ya muda gani.
3. Hakiki wakala. Kenya, angalia orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tanzania, uliza TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Uganda, Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ina orodha ya kampuni zenye leseni.
4. Jua nani anapaswa kulipa. Sheria ya Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri.

5. Soma mkataba kwa kikokotoo

Mshahara wa mwezi hudanganya, kwa hiyo hesabu mwaka mzima. Shule nyingi za Thailand, hasa zinazoajiri kupitia wakala, hutoa mikataba ya miezi 10, na likizo ndefu ya Machi na Aprili haina malipo. Baht 25,000 kwa miezi 10 ni 250,000 kwa mwaka. Baht 23,000 kwa miezi 12 ni 276,000. Wa pili ndio mkubwa.

Mkataba useme wazi:

* jina na anwani ya shule utakayofundisha, pamoja na la wakala anayekulipa;
* vipindi kwa wiki, na kama saa za ofisini zinahesabiwa;
* nani analipia viza, kibali cha kazi na tiketi;
* nyumba au posho ya nyumba, na bima ya afya;
* siku za likizo zenye malipo;
* notisi ya kuacha kazi, na adhabu ukiacha kabla ya muda;
* kwamba pasipoti inabaki kwako. Shule inaweza kuichukua kwa siku chache za kushughulikia viza; haina haki ya kuiweka kabatini kwake.

Fedha za kuanzia. Mshahara wa kwanza hufika mwisho wa mwezi, mara nyingine wa pili. Bangkok mwenye nyumba kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya miezi miwili. Kwa hiyo beba kodi ya miezi mitatu, chakula na nauli za miezi miwili, na fedha ya tiketi ya kurudi ambayo hutaigusa kwa lolote. Kama familia inauza shamba ili uende, hesabu kwanza miezi mingapi ya akiba yako itakayolirudisha. Ikizidi mkataba wenyewe, shamba lisiuzwe.

Deni la masomo. Kuvuka mpaka hakufuti mkopo wa elimu ya juu, uwe wa HELB ya Kenya au HESLB ya Tanzania. Panga malipo mtandaoni kabla hujaondoka ili usirudi ukakuta malimbikizo.

6. Zoea kufundisha bila Kiswahili

Nyumbani, mtoto asipoelewa unageukia Kiswahili, mnacheka, somo linaendelea. Darasa la Udon Thani, Thailand, halikupi njia hiyo. Una watoto 40, hawajui lugha yako, nawe hujui yao. Mbinu ya kutafsiri, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyosomeshwa nayo, inakufa siku ya kwanza.

Anza mazoezi ungali hapa:

1. Chagua maneno 10 ya vitendo: simama, kaa, ruka, fungua, funga na mengineyo.
2. Wafundishe watoto wa jirani wasiojua Kiingereza, bila kutamka neno hata moja la Kiswahili. Tumia mikono, picha, vitu halisi na mchezo.
3. Pima: baada ya dakika 20, toa amri bila kuonyesha kitendo. Wangapi wamefanya?
4. Rudia kesho kwa sentensi: *I eat* na *I am eating*. Utagundua upesi kwamba kuijua sarufi na kuionyesha ni kazi mbili tofauti.

Jirekodi pia ukisoma kwa sauti, na usikilize *l* na *r*, *th*, na tabia yetu ya kuongeza irabu mwishoni mwa maneno. Huna haja ya kuigiza lafudhi ya Kimarekani. Unahitaji matamshi ambayo mtoto wa miaka saba atayafuata bila kukisia. Na jua faida uliyonayo: wewe mwenyewe ulijifunza Kiingereza darasani, kwa hiyo unajua kinapouma. Liseme hilo kwenye usaili, kwa mfano halisi.

7. Wiki ya mwisho na siku za kwanza

Kabla ya kuondoka: waandikie wazazi anwani ya shule, simu ya mkuu na nakala ya mkataba. Ukiacha shughuli za benki au ardhi, mpe ndugu hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili. Kubalianeni na jamaa neno la siri ambalo ukilitaja kwenye simu watajua umeshikiliwa. Andika namba ya ubalozi kwenye karatasi, ili simu ikizima uwe nayo. Kenya ina ubalozi Bangkok. Mtanzania aliye Thailand huhudumiwa kutoka Kuala Lumpur.

Ukifika: jisajili na ubalozi wako. China inakutaka uandikishe makazi yako polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia, ukipanga nyumba ni jukumu lako. Thailand, mwenye nyumba huripoti mgeni ndani ya saa 24, nawe huripoti uhamiaji kila siku 90. Faini za kutoripoti huwapata walimu wazembe kila mwaka.

Makosa ya kawaida

* Kukubali kazi ya kwanza kwa hofu kwamba hakutakuja nyingine.
* Kughushi uzoefu au cheti. Shule hupiga simu, na kughushi hati ni kosa la jinai.
* Kudhani kibali cha shule moja kinakuruhusu kufundisha tuisheni kwingine.
* Kuaga kwa sherehe kubwa kabla ya viza kutoka, kisha kuondoka bila viza kwa aibu ya kubaki.

Orodha ya kukagua kabla ya kulipa tiketi

☐ 1. Sheria ya nchi hiyo inamruhusu raia wa nchi yangu kufundisha Kiingereza.
☐ 2. Nimezungumza na shule yenyewe, kwa namba niliyoitafuta mimi.
☐ 3. Mkataba umesainiwa na pande zote mbili, nami nina nakala.
☐ 4. Viza iliyo ndani ya pasipoti, au idhini yake niliyopewa na ubalozi, ni ya kazi.
☐ 5. Shahada imethibitishwa, na majina yanalingana kila mahali.
☐ 6. Kadi ya chanjo, cheti cha tabia njema na cha afya viko hai.
☐ 7. Nina kodi ya miezi mitatu, chakula na nauli za miezi miwili, na fedha ya tiketi ya kurudi.
☐ 8. Mtu mmoja nyumbani ana nakala za vyote hivi.

Namba 5 hadi 8 zikipungua, jipe wiki chache uzikamilishe. Ikikosekana hata moja kati ya namba 1 hadi 4, usilipe tiketi, hata kama dalali anasema ndege ni kesho. Shule ya kweli iliyokuhitaji Mei itakuhitaji tena Novemba.